Chuma, Plastiki na Ng'ombe wa Mama

Mimi ni mtu wa chuma, na sioni haya kusema hivyo. Mume wangu ni mtu wa plastiki. Wageni hudhani tunatania, lakini wakikaa mezani kwetu mpaka chakula kipoe wanatambua kwamba nyumbani mwetu swali la bomba lipi ni bora linabishaniwa kama nyumba nyingine zinavyobishania dini. Sote wawili kazi yetu ni kulaza mabomba makubwa ya maji, yale ambayo ndama anaweza kuingiza kichwa chote ndani, yanayobeba maji ya vijiji vizima kabla hayajagawanywa kwenda kwenye robine za watu za kuchotea maji. Mimi nilizaliwa kwenye vilima vya Masisi, upande wa Kibabi, katika nyumba ya wafugaji. Yeye ni mtoto wa msitu, wa Ntoto, kule Walikale.

Tulikutana kazini, kwenye shantie ya ujenzi ya Walikale, na siku ya kwanza nilimdharau. Nilikuwa nimeagiza fonti, kile chuma kizito cha kumimina ninachokiheshimu kuliko vyote. Ukikizika kwenye udongo mzuri, wajukuu wako watakunywa humo. Bomba la fonti nililolaza Kingi mpaka leo halijadondosha hata tone, na kila nikipita njia ile nasimama kulitazama, ingawa liko chini ya ardhi na hakuna cha kutazama. Lakini lori lililobeba fonti ya Walikale lilifika kwenye daraja la magogo, dereva akashuka, akaangalia magogo, akaangalia mzigo, akakaa chini. Mabomba yakashushwa kando ya barabara, na yakabaki hapo mpaka majani yakaota katikati yake.

Yeye alikuwa na mabomba meusi ya plastiki. Watu wa kijiji chake waliyaweka mabegani wakafuata njia ya wawindaji, mmoja mbele, mwingine nyuma, na wa katikati akitukana miti. Walipoyafikisha, nilimkuta chini ya turubai anaunganisha. Alikuwa na sahani ya moto, anaibana katikati ya vichwa viwili vya bomba mpaka vinalainika, anaitoa upesi, anavisukuma vikutane, na vikipoa huoni tena kwamba vilikuwa vipande viwili. Turubai lilikuwa la lazima, kwa sababu tone moja la mvua linaharibu kiungo, na msituni kwao mvua haiombi ruhusa. Nikamwambia kwamba plastiki ni kitu cha ndoo na sandali. Hakukasirika. Alinipa kipande cha bomba la chuma la zamani walilolifukua pale, nikakibana kidogo mkononi, kikavunjika kama biskuti.

"Dada, udongo ya huku njo inakulaka chuma," alisema. "Plastiki, inaitema."

Nilimpa haki yake, kwa sababu ushahidi ulikuwa umeshanichafua vidole. Jambo moja tu tulikubaliana tangu mwanzo: lile bomba la kijivu, la PVC, wote wawili hatulitaki juu ya ardhi. Jua linalikausha, kisha kwato moja ya ng'ombe inalipasua. Tulilisema vibaya jioni nzima, na nadhani hapo ndipo uchumba ulipoanzia.

Sasa nije kwa mama. Baba yetu alipofariki, mama alibaki kilimani na ng'ombe wake, pamoja na mchungaji wa kukodi aliyewapandisha malishoni. Maji yalikuwa chini kwenye korongo. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kumkataa, na nilipomtembelea siku moja nilimkuta anashuka korongoni kwa kukalia makalio, akiteleza na kidumu mapajani kama mtoto anayecheza. Aliponiona alicheka. Mimi sikucheka. Kaka zangu, wanaokaa Goma, walikuwa wameshakata maneno: ng'ombe wagawanywe, mama ahamie mjini, kwenye chumba kizuri nyuma ya nyumba ya kaka mkubwa. Mama alijibu jambo moja tu.

"Mu Goma ng'ombe inakulaka nini? Majiwe ya volkano?"

Nilimwamini. Mama bila ng'ombe ningempoteza akiwa hai, akiwa amekaa mbele ya televisheni. Wakati ule nilikuwa nimepewa kusimamia bomba kubwa la kutoka chemchemi ya juu kwenda vijiji vya chini, na mstari wake ulikuwa lazima upite kwenye mgongo wa kilima chake. Nikawaambia kaka zangu kwamba nitaweka robine mlangoni mwa mama. Maji yakifika, anabaki. Walikubali haraka, nami nikajua kwamba walikubali kwa sababu hawakuamini.

Mume wangu alikuja kunisaidia, na ubishi ukaja naye. Sehemu kubwa ya mstari nilimwachia plastiki yake, kwa kuwa vilima vyetu vinaporomoka kila masika. Fonti imeunganishwa kwa kuchomekana, na ardhi ikisogea viungo vinachomoka. Plastiki inajipinda na ardhi, inakwenda nayo, na inakaa kimya. Lakini chini kidogo ya nyumba ya mama kulikuwa na lile korongo. Yeye alitaka azungushe plastiki kupitia kichwa cha korongo, aizike. Mimi nikasema hapana. Kule kichwani mvua ingeifukua tu, na kiangazi wachungaji wetu huchoma majani makavu ili yaote mabichi. Nilishawahi kuona bomba jeusi baada ya moto wa malisho, limelala bapa kama nyoka aliyekanyagwa.

"Moto unapita mara moja kwa mwaka," alisema. "Kutu haina likizo."

"Na chef ni nani hapa?" nilimwuliza.

Basi korongo likavukwa kwa chuma, kilichopakwa zinki, kirefu, kimenyooka, juu ya nguzo za zege. Vipande vilikutana kwa sahani nene za chuma zilizokazwa na bolti. Upande wa mama chini kulikuwa na mwamba usiochimbika, kwa hiyo bomba likaendelea kidogo juu ya nguzo fupi, kimo cha kifua cha ng'ombe, kabla ya kuingia ardhini. Lilikuwa zuri. Nasema hivyo bila kujisifu zaidi ya ninavyostahili: jua likichomoza lilikuwa linang'aa kiasi kwamba walio kilima cha pili walilionyesha kwa kidole.

Maji yakafika. Mama alifungua robine, akanawa uso, akanawa tena, kisha akainywesha mikono yake kama mtu asiyejua pa kuanzia. Kaka zangu walipopigiwa simu walisema tumshukuru Mungu, na maneno ya Goma yakalala. Nililia siku ile, na mume wangu akawaambia watu kwamba nina vumbi la sementi machoni.

Ikapita miaka kadhaa. Tulikuwa Walikale kwenye kazi nyingine niliposikia kwamba maji ya vijiji vya chini yamepungua, na kabla hatujafunga mizigo yakakatika. Aliyenipigia simu ni mwenyekiti wa komite ya maji. Mama hakupiga. Sahani mbili za kiungo, pale juu ya mwamba, zilikuwa zimeachana, na maji yote yalikuwa yanamwagikia korongoni, ikabidi komite ifunge vali ya juu. Robine ya mama nayo ikakauka. Kaka zangu walijua kabla yangu. Kaka mkubwa aliniambia kwamba Jumamosi watakuja na gari kumchukua, na safari hii nisianze na ahadi za kihandisi.

Nilifika na hasira za kutosha kuchemshia chai. Bolti za upande wa chini zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa nyembamba kama vijiti vya kiberiti, na chuma cha bomba kilikuwa kimepoteza zinki yake, chekundu, chenye vidonda. Kwingine kote, juu ya korongo, bomba lilikuwa zima kabisa. Niliwaambia wana komite kwamba muuzaji alitupa bolti mbovu. Kisha nikabadilisha, nikasema kuna mtu amechokoza bomba langu. Nikauliza kwa sauti ya kusikika kilima cha pili ni nani huyo. Wakaangalia viatu vyao. Mume wangu akapitisha kidole kwenye kutu.

"Chef, chuma yako iko inalia machozi nyekundu."

Yapo maneno ambayo mke mwenye busara anayahifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Nililala kwa mama. Asubuhi, jua likiwa linatoka, niliamka nikapime kile kiungo kabla watu hawajaja na mashauri yao. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nguzo niliposikia kwato. Ng'ombe walikuwa wanashuka kutoka zizini, mmoja nyuma ya mwingine, bila fimbo wala filimbi. Walifika kwenye bomba wakajipanga ubavu kwa ubavu, kwa adabu kuliko watu kwenye foleni ya robine, wakaanza kulamba. Ndimi zao zilikuwa zinakwaruza chuma kama msasa juu ya ubao. Nikagusa bomba, nikaweka kidole mdomoni. Lilikuwa na chumvi.

Mama alikuja akitegemea fimbo, na mkono wa pili ameshika kibakuli. Alimwaga chumvi juu ya bomba kidogo kidogo mbele ya kila mdomo, akimwita kila ng'ombe kwa jina lake.

"Mama, uko nafanya nini?"

"Niko napatia ng'ombe munyu. Hauone?"

"Juu ya tiyo?"

"Juu ya tiyo, ndiyo. Mu majani, munyu inapotea. Mu mbao, mbao inakunywa. Lakini hii tiyo yako haikunywake kitu. Ng'ombe zinalamba mpaka inaisha yote." Akalipigapiga bomba kwa kiganja, kwa fahari kabisa. "Ulitutengenezea kitu ya maana."

Kila kijiji nilikopitisha bomba niliwakalisha watu nikawaambia wasilime juu yake, wasiwashe moto karibu, wasifunge mbuzi kwenye vali. Nani angewaza kuwaambia wasilitie chumvi? Mhandisi wa nchi nyingine asingejua hata leo. Chumvi ya kila siku, mate ya ng'ombe ya kuiyeyusha, ulimi wa kusugua zinki mpaka iishe, na yale maji ya chumvi yanateremka ubavuni mwa bomba yakakae kwenye bolti za chini. Ukitaka kuua chuma, sidhani kama kuna njia bora zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimemtafuta mwizi wa vyuma.

"Mama," nilisema taratibu nikimwonyesha zile bolti, "ni hii munyu njo imekula mabulo."

Hakushtuka. Aliendelea kumkuna ng'ombe chini ya kidevu.

"Najua."

"Unajua?"

"Niliona kutu tangu zamani. Miye si kipofu."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

Alikaa kwenye mwamba, akanyoosha miguu yake kwa kuivuta na mikono, mmoja baada ya mwingine.

"Mutoto yangu, magoti yangu haiwezi tena kufuata ng'ombe. Muchungaji anazipandisha kule juu asubui, anazirudisha magaribi, na miye sioni kitu. Saa ya munyu njo saa yangu. Zinakuja zenyewe, nazigusa, naona ile iko na kidonda, ile imekonda. Kama naacha munyu, miye ni nani hapa? Muzee mwanamuke mwenye kuwa na robine." Akatazama bonde. "Nilisema hii chuma iko na nguvu, itavumilia. Itapita miye."

Hasira zangu zote ziliniisha pale pale. Mimi nilidhani nimembakiza kilimani kwa maji. Kumbe maji yalikuwa msaada tu, na kilichombakiza ni ule muda mfupi wa asubuhi, na sasa ilikuwa lazima niuondoe.

Mume wangu alipopanda kutoka kijijini nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaona uso wangu akaacha. Dawa aliitoa yeye, na naisema wazi ili asije akadai nimeificha: tuingize plastiki ndani ya chuma. Aliunganisha mabomba yake meusi, membamba kidogo kuliko la kwangu, mpaka yakawa kitu kimoja kirefu, tukafunga kamba kichwani pake, na watu wa vijiji vya chini wakavuta kutoka ng'ambo ya korongo huku wakiimba nyimbo za kanisani. Chuma kikabaki kuwa daraja na ngao ya moto. Plastiki ikabeba maji, haina bolti, haina kutu. Maji yalipungua nguvu kidogo kwa sababu njia imekuwa nyembamba, lakini ndani ya plastiki ni laini, yanateleza, na vijiji havikulalamika. Kuna watu waliokuja kunihubiria kwamba hiyo ni picha ya ndoa yetu. Niliwaomba wachukue sepeto.

Ila chumvi ilikuwa bado ni chumvi. Ikiendelea, ingekula daraja lenyewe, na siku moja plastiki ingening'inia juu ya korongo kama kamba ya nguo. Komite ilitaka kujua nani alaumiwe. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno marefu ya kitaalamu yasiyomtaja mtu. Mama hakunipa nafasi. Watu walipotoka kwenye ibada ya katikati ya wiki alisimama uani pa kanisa, akaegemea fimbo.

"Muache kutafuta," alisema. "Ni miye. Nilikuwa naweka munyu juu ya tiyo."

Kisha baba mmoja mwenye ng'ombe wengi akakohoa, akasema yeye pia, lakini mchana. Mama mwingine akasema yeye huleta ndama tu, na chumvi kidogo tu. Kabla hatujatawanyika ilikuwa wazi kwamba kilima kizima kilikuwa kinalisha ng'ombe wake chumvi juu ya bomba langu, kwa zamu, kila mtu akidhani ya kwake ndogo haina neno. Mwenyekiti wa komite alikuwa anasikiliza huku ameinamisha kichwa, na mke wake akamwambia mbele ya watu ainue tu, naye aseme.

Ijumaa nilichukua kipande cha bomba jeusi kilichobaki, kinene, nikakipasua kwa urefu, nikapata mahori mawili. Moja nikawapa majirani, na lingine nikalilaza juu ya mawe mbele ya mlango wa mama, mbali na chuma. Halinywi chumvi kama ubao, haliliwi na chumvi kama bomba langu, na kwato hailivunji. Niliyasema hayo kwa sauti huku mume wangu akinisikia, na adhabu ya namna hiyo inatosha kwa mwaka.

Kaka zangu walifika Jumamosi mchana, gari lina turubai lililotandikwa na kamba za kufungia mizigo. Waliona maji yanatoka robineni. Walinipongeza vizuri, wana malezi. Kisha kaka mkubwa akanivuta pembeni.

"Dada, maji ni sawa. Lakini angalia magoti yake. Atakaa hapa akifanya nini?"

Nilimwambia alale, aone asubuhi. Nilisema hivyo kwa sauti imara, sauti yangu ya shantie, ingawa mwenyewe sikuwa na hakika.

Asubuhi mama aliketi mlangoni kwenye kigoda, kibakuli mapajani. Kaka zangu walikuwa wamesimama ukutani na vikombe vya maziwa. Ng'ombe wakashuka, wakapita mbele yetu kana kwamba hatupo, wakaenda moja kwa moja kwenye bomba la chuma. Wakalamba. Hakuna kitu. Wakalamba tena. Mama akawaita. Masikio yaligeuka, miguu haikugeuka. Nilitaka kwenda kuwaswaga, na mume wangu akanishika mkono.

"Acha, chef. Hii si kazi yako."

Mama akaita tena, polepole, jina baada ya jina, kama anavyowaita watu wa familia kuja kula. Ng'ombe mmoja mzee, wa kijivu, akaliacha bomba. Alikuja mpaka kwenye hori, akalinusa lile plastiki jeusi, akapuliza pua akarudi nyuma. Kaka yangu akavuta pumzi. Ng'ombe akalizunguka hori, akasogea mpaka kwenye kigoda, akaingiza pua yake kwenye mikono ya mama. Mama akamwachia alambe vidole, kisha akavipeleka vidole vile kwenye hori, na ulimi ukafuata. Wengine wakaja nyuma yake, wakisukumana.

Kaka mkubwa aliweka kikombe chini, akatembea mpaka kwenye gari, akaanza kukunja turubai.

Mama hakumwona. Alikuwa amemwinamia yule wa kijivu, kiganja kimetulia ubavuni mwake, anasikiliza kwa mkono.

"Huyu atazaa mu mvua," alisema.